Kuvua rangi na kuandaa bodi ya Peugeot 504 kabla ya kupiga rangi mpya: mwongozo kamili kwa anayefanyia nyumbani

Mtu akirithi 504 ya mzee iliyolala miaka chini ya mwembe, kitu cha kwanza anauliza ni ipigwe rangi gani, nyeupe au ile bluu ya zamani, wakati swali lenyewe ni chini ya hiyo rangi iliyopo kuna nini. Hii gari ilitoka 1968, huku kwetu imebeba maofisa, maharusi na abiria wa mikoani, na rally ya Safari ikaishinda 1975 na tena 1978 ikiwa coupé ya V6, kwa hiyo ukiikuta leo imeshapita mikono ya mafundi kibao na kila mmoja kapuliza juu ya rangi ya mwenzake. Ukipuliza na wewe juu ya yote hayo itang'aa vizuri tu, halafu masika ya kwanza inaanza kufura.

Kabla hatujafika mbali nitoe ushauri ambao kwangu ndio mkubwa kuliko yote: usivue gari zima kwa mkupuo. Vua paneli moja, ishughulikie, ifunge na praima ya epoksi (rangi ya chini inayolifunga bati lisipate unyevu) siku hiyo hiyo, ndo uende nyingine. Bati tupu kwenye hewa ya Dar, Tanga au Mombasa likilala usiku mmoja asubuhi unakuta limeota ukungu wa rangi ya chungwa, na hiyo ni kutu tayari hata kama inafutika kwa kidole. Nairobi, Arusha au Iringa una nafuu kidogo lakini sio ya kukufanya uende kulala. Gereji nyingi wanavua gari lote wiki moja halafu wanasubiri hela ya mteja, bodi iko wazi, watu wanaishika na mikono yenye jasho, mwisho inafutwa na petroli inapulizwa. Hapo hata ununue rangi ya bei gani umeshapoteza.

Je ni lazima kuvua?

Sio kila gari linahitaji kuvuliwa mpaka bati. Tafuta sehemu isiyoonekana sana, weka msasa wa maji namba 400 (namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi), sugua kaduara kadogo mpaka utokee bati. Utaona pete za rangi moja baada ya nyingine. Kama ni rangi moja na praima ya kiwandani, imeshika, haina nyufa, usiivue, ile praima ya kiwandani mara nyingi imeshika kuliko utakayoweka wewe. Sugua tu 320 gari zima uendelee. Ukiona pete nne tano, au kuna nyufa ndogondogo zinazotembea kila upande, au malengelenge, basi vua.

Jaribio la pili, chovya pamba kwenye thina na uigandamize juu ya rangi kwa dakika moja mbili. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye pamba ujue ni ile ya zamani aina ya selulozi, na ukiipulizia juu yake rangi ya kisasa ya 2K (ile inayochanganywa na hadna, dawa ya kuifanya ikauke na kuwa ngumu) inaweza kukunjamana yote. Hiyo nayo vua.

Halafu sumaku. Ifunge kwenye kitambaa laini upitishe mwili mzima taratibu. Pale inapolegea au kudondoka kuna puti nene (ule mchanganyiko wa kujazia mabonde ya bati), na mara nyingi chini ya puti kuna tundu lililozibwa kwa kitu chochote kilichokuwepo, nimeona mpaka gazeti. Kwenye 504 usiache kuangalia chini ya taa za mbele, pembe za chini za madigadi, juu ya matairi ya nyuma, kona za chini za milango, sakafu, kitako cha betri, sakafu ya buti, na lile boksi la bati linalopita chini ya milango kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma. Chukua bisibisi la bapa ulisukume huko kwa nguvu kiasi. Likizama, ni afadhali lizame leo.

Kufungua vitu

Fungua kila kinachofunguka. Bampa, grili, taa, vitasa, nembo, raba zote, urembo wa pembeni, vioo vya pembeni. Madigadi ya mbele ya 504 yamefungwa kwa bolti, kwa hiyo yatoe kabisa, nyuma yake kuna tope la miaka mingi lililokaa na unyevu na hapo ndipo kutu inapozaliwa. Ya nyuma yamechomelewa, hayo yaache. Boneti na mfuniko wa buti vitoe mkiwa wawili, na chora mstari na kalamu kuzunguka bawaba kabla hujalegeza, bila huo mstari kurudisha boneti ikae sawa ni kazi ya siku nzima.

Vioo vya mbele na nyuma navyo vitoke. Najua watu wanaogopa kuvunja, lakini vimekaa kwenye mpira tu, kata mpira wa zamani kwa wembe kuuzunguka wote kioo kinatoka chenyewe, mpira mpya utanunua. Chini ya ule mpira ndipo maji yanapokaa na fundi anayebandika tepu kuuzunguka na kupuliza anaacha kutu pale pale.

Bolti weka kwenye vifuko, andika kwa kalamu ya wino mzito, piga picha kabla ya kufungua na baada ya kufungua. Bolti za Peugeot zikipotea utazunguka Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi mpaka viatu viishe.

Chomoa betri. Kama kutakuwa na kuchomelea basi chomoa na waya za alternator, na tenki la mafuta litoke lipelekwe mbali na eneo la kazi. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu limejaa mvuke, msikubali mtu achomelee karibu nalo eti halina mafuta.

Osha gari zima kwa sabuni na maji ya moto, mpaka chini. Kisha pangusa na dawa ya kutoa mafuta. Hii ni KABLA ya msasa wowote, maana ukisugua juu ya grisi na polishi ya silikoni unaikandamiza iingie ndani ya mikwaruzo, na hiyo ndiyo baadaye inaleta vile vitundu vya duara kwenye rangi ambavyo kila mtu anamlaumu aliyepuliza.

Kuvua rangi yenyewe

Njia ziko tatu na kwa gari moja utatumia zote.

Ya kwanza ni dawa ya kutoa rangi, ile ya mgando kama uji. Inafaa kwenye paneli kubwa zilizonyooka, boneti, paa, milango, kwa sababu haikwaruzi bati wala hailipashi moto. Kwanza kwaruza rangi kwa msasa wa 80 ili dawa ipate pa kuingilia. Bandika tepu ngumu kwenye kingo na maungio yote, acha kama sentimita mbili. Paka kwa brashi upande mmoja, tabaka nene, usirudie rudie. Funika na nailoni isikauke. Baada ya dakika kumi na tano hivi, au ishirini, utasikia inanong'ona na rangi inanyanyuka na kukunjamana, sometimes tabaka zote zinatoka pamoja, unaona bluu, krimu, ile praima nyekundu ya chini. Kwangua na skrepa ya plastiki au ya bati uliyoisugua kona zake zisikate. Sehemu zilizobaki rudia.

Hizo kingo ulizofunika na tepu utazimalizia kwa msasa wa mkono. Sababu ni kwamba dawa ikiingia ndani ya mkunjo wa bati haitoki, inakaa humo, na miezi miwili baada ya rangi mpya inachuruzika na kunyanyua kila kitu pembeni ya mlango.

Sasa usalama, hapa sitaki utani. Dawa nyingi kali za zamani zina kemikali inaitwa methylene chloride, ukiivuta mwili unaigeuza kuwa carbon monoxide, ile ile ya jiko la mkaa chumbani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa unakaa chini, kwa hiyo kufanyia ndani ya gereji iliyofungwa au umeinama chini ya gari watu wamekufa. Marekani walizuia isiuzwe kwa watu wa kawaida 2019 na Ulaya walishaizuia kabla ya hapo. Ukisoma kopo ukaikuta, mimi ningeiacha nitafute isiyo nayo hata kama ni ya taratibu. Yoyote utakayotumia fanyia nje penye upepo, miwani ya kufunika macho yote, mikono mirefu, na glavu nzito za kemikali, sio zile nyepesi za hospitali maana zinayeyuka mkononi.

Ukimaliza kuvua, dawa inatakiwa iondolewe kabisa. Makopo mengine yanasema maji, mengine thina, fuata kopo lako. Kisha kausha hapo hapo.

Ya pili ni grinda. Hapa ndipo milango mingi inapofia. Bati la bodi za miaka ile liko kama milimita moja au pungufu, na grinda ndogo ya kawaida inazunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika, ukitulia sehemu moja kwa sekunde chache bati linapata moto, linatanuka, na likipoa linabaki na tumbo. Ukilibonyeza linaingia, ukiachia linarudi na mlio wa kopo. Kulirudisha ni kazi ya fundi bodi mzoefu. Kwa hiyo usitumie diski ya kusagia vyuma wala ile ya majani ya msasa kwenye paneli. Ulizia diski nyeusi laini yenye matundu kama sponji, ile inatoa rangi na kutu bila kula bati. Tembeza muda wote, gusa na kiganja, ikikuunguza hamia upande mwingine.

Vumbi la rangi ya zamani linaweza kuwa na madini ya risasi. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso, sio kitambaa, watoto wasiwe karibu, na nguo za kazi zisiingie ndani zikafuliwe na za familia. Ukikuta kwenye maungio ya gari la zamani kuna madini laini ya kijivu yanayong'aa chini ya rangi, hiyo ni risasi iliyoyeyushwa kuziba maungio, usiisage kwa mashine, isugue kwa mkono tu.

Ya tatu, kupuliza mchanga kwa kompresa. Inafaa sana kwenye chasisi, bawaba, mikono ya suspensheni, rimu, ndani ya matao ya matairi. Kwenye boneti, paa na ngozi za milango kataa, hata kama jamaa anakuhakikishia. Zile punje zinagonga bati kwa nguvu upande mmoja linatanuka na kujikunja. Na kama wanatumia mchanga wa kawaida, vumbi lake linaharibu mapafu moja kwa moja bila dawa, na mchanga wa baharini una chumvi ambayo unaenda kuipandikiza kwenye bati.

Wenye Land Rover za zamani, bodi yenu kubwa ni alumini, kwa hiyo msisugue na brashi ya waya ya chuma iliyokwisha kutumika kwenye chuma chenye kutu, vipande vyake vinabaki kwenye alumini vinaleta balaa lake.

Kutu

Kutu ya juu juu inasuguliwa mpaka bati liwe jeupe. Vishimo vidogo vyeusi vinavyobaki ndani ya bati ndivyo vinavyodanganya watu, msasa unapita juu na ndani kutu iko hai. Hapo paka dawa ya asidi ya fosforiki, acha ifanye kazi ikiwa mbichi, sugua na steelwool, rudia mpaka vishimo viwe vya kijivu. Kisha iondoe yote kama kopo linavyoelekeza na ukaushe, kwa sababu asidi iliyobaki na epoksi haviivani, praima itanyanyuka.

Tundu halizibwi na puti. Wala fiber. Kata bati bovu mpaka ufike kwenye zima, chomelea kipande kipya cha unene ule ule, na kwenye paneli chomelea kwa nukta nukta ukirukaruka upande huu na ule, ukichora mstari mmoja mrefu utapinda mlango wote. Yale maboksi ya chini ya milango ndiyo yanayobeba gari, kwa hiyo kama yameoza tegemeza bodi vizuri na ufunge milango kabla hujakata, usije ukamaliza kuchomelea ukakuta mlango haufungi.

Kunyoosha

Hapa mlipe fundi bodi anayejua nyundo na doli (kile chuma kinachoshikwa nyuma ya bati wakati wa kugonga). Mwambie wazi unataka bati linyooshwe mpaka puti isizidi milimita tatu popote, na umwambie utapima na sumaku. Bei itapanda kidogo, mlipe tu.

Epoksi kwanza, puti baadaye

Hapa mafundi wengi wa huku tutabishana. Kawaida yao ni puti juu ya bati tupu halafu praima. Makopo mengi ya puti yanaruhusu bati tupu lililokwaruzwa vizuri, sikatai. Lakini puti inanyonya unyevu, na ukiweka epoksi katikati, bati linabaki limefungwa hata puti ikilowa. Kwa pwani sioni sababu ya kufanya vingine.

Bati liwe limesuguliwa 80 mpaka 180. Puliza hewa maungio yote. Pangusa na dawa ya kutoa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja kina dawa, kingine kikavu kinafuata nyuma kabla haijakauka yenyewe. Sio petroli, ina mafuta yanayobaki, na ni moto.

Changanya epoksi kwa kipimo, sio kwa macho. Nyingine zinataka zikae baada ya kuchanganywa ndipo zipulizwe, soma. Puliza tabaka mbili, ukianza na kingo na mikunjo. Kompresa toa maji kwenye tenki kabla ya kuanza, na mtego wa maji uwepo kwenye mpira. Usipulize alfajiri bati likiwa la baridi na lina umande hata usioonekana, subiri jua lipande, na usipulize jioni ambayo mvua inanukia. Nje ya paneli ukimaliza usisahau nyuma yake.

Epoksi ina muda wa kupokea tabaka linalofuata bila kusuguliwa, saa kadhaa au siku kadhaa kutegemea kampuni. Ukipitiliza isugue na 180 au 220 kwanza.

Puti

Kikombe kidogo kwa wakati. Hadna ni kama asilimia mbili ya uzito na kwenye joto letu punguza kidogo ila sio chini ya kiwango cha kopo. Mtu akizidisha ili iwahi kukauka, ile hadna nyekundu iliyobaki inakuja kutoboa mpaka juu ya rangi, hasa nyeupe, unaona madoa ya njano. Ichanganye kwa kuikandamiza na skrepa kwenye ubao, usiikoroge kama uji, unaingiza mapovu ambayo yatakuwa vitundu. Una dakika chache tu, ikianza kushika kama jibini tupa.

Tandaza pana kuliko bonde lenyewe. Sugua na ubao mrefu ulioshika msasa, sio kwa vidole, vidole vinachimba mifereji. Anza 80, kisha 120, 180, ukienda mshazari upande huu halafu upande ule. Ule mkunjo unaopita ubavuni na ile buti ya 504 inayoshuka kwa mteremko inabidi ubandike tepu pembezoni mwa mkunjo, usugue upande mmoja, uhamishe tepu, usugue wa pili. Ukiusugua bila tepu unakuwa wa mviringo na gari linapoteza sura yake.

Na jamani, PUTI HAISUGULIWI KWA MAJI. Najua ndivyo tulivyozoea kuona, beseni pembeni na mtu anasugua. Yale maji yanaingia kwenye puti, unayafungia ndani na praima, jua likipiga yanatafuta pa kutokea. Sugua kavu, vaa barakoa.

Praima ya kujaza na kusugua

Sasa puliza ile praima nene ya 2K, tabaka mbili tatu, ukiacha kila moja ipumue kwanza. Hadna ya 2K ina isosayanati, hii inaleta pumu isiyopona, na huisikii harufu yake hivyo barakoa ya chujio ikichoka hautajua. Sahihi ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna, mpelekee aliyenayo apulize, wewe endelea na kusugua.

Ikikauka, chukua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, simama mbali, nyunyiza vumbi jepesi tu juu ya praima. Sasa sugua na ubao namba 320. Nyeusi itatoka kwenye miinuko na kubaki kwenye mabonde na mikwaruzo. Usichimbe pale ilipobaki, sugua eneo zima mpaka iishe. Ukitokea bati au puti kabla haijaisha, kuna bonde, rudi nyuma ujaze. Hii hatua inachosha kuliko zote na ndiyo inayoonyesha tofauti gari likisimama juani, kwenye rangi nyeusi au bluu iliyokolea kila wimbi litaonekana.

Rudia nyunyizo, malizia na 400 mpaka 500 kama rangi ni ya kawaida, 600 mpaka 800 kama ni metaliki. Hapa maji ruksa kwa sababu puti imeshafunikwa, ila ukitoboa mpaka kwenye puti acha, kausha, piga praima pale tena. Popote bati lilipotokea weka epoksi kidogo. Maungio yapigwe silanti inayopokea rangi, sio silikoni ya madirishani.

Kabla ya kupeleka kwa fundi rangi, rudisha madigadi, milango na boneti kwa muda, uangalie nafasi kati ya paneli zinalingana. Kurekebisha sasa ni spana, baada ya rangi ni machozi. Na kama unabadilisha rangi kabisa, kumbuka rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi, kwa Kenya kwenye logbook, shughulikia hilo mapema.

Ikitokea hela ya rangi haijatimia, gari lisikae nje na hiyo praima nene, inanyonya maji ya mvua. Piga epoksi tabaka moja juu yake, liweke chini ya paa, usilifunike na turubai la nailoni linalogusa bodi maana linatunza jasho. Hela ikipatikana isugue tena yote 400, pangusa kwa vitambaa viwili, ndo rangi.